Ng'ambo ya Juba: Jimbo la Mfalme wa Italia katika Pwani ya Waswahili

Mtaa wa Al Nahda ulioko Dubai umekaa mpakani. Mkazi wake akivuka barabara anajikuta Sharjah, na mtaa unaompokea huko nao unaitwa Al Nahda. Maghorofa ni yaleyale, mikahawa ni ileile, na wapo maelfu ya watu wanaolala upande mmoja na kufanya kazi upande wa pili, Waafrika Mashariki wakiwemo. Kinachobadilika ni kodi ya nyumba, rangi ya teksi na amri za manispaa. Mpaka wa Dubai na Sharjah una historia iliyohifadhiwa vizuri. Mwaka 1954 na 1955 ofisa mmoja kijana wa Kiingereza, Julian Walker, alizunguka nchi hiyo kwa gari, kwa ngamia na kwa miguu akiwauliza wazee maswali yaliyo wazi: zaka yenu mnampa nani, baia yenu iko kwa sheikh gani, kisima hiki alikichimba nani. Kutokana na majibu hayo Waingereza walitoa maamuzi ya mipaka mwaka 1956 na 1957. Dubai na Sharjah hazikuridhiana, shauri likaenda kwa wasuluhishi wa kimataifa, na hukumu ikatolewa tarehe 19 Oktoba 1981. Nia ya kazi hiyo haikuwa safi, maana kampuni za mafuta ndizo zilizotaka kujua kibali cha kuchimba waombe kwa nani. Hata hivyo watu waliulizwa.

Miaka 30 kabla ya Walker kuanza safari zake, Uingereza hiyohiyo ilikuwa imekata mpaka mwingine katika pwani inayonyeshewa na pepo zilezile za kaskazi na kusi. Huko hakuna aliyeulizwa kitu. Kipande kilichokatwa kikapewa Ufalme wa Italia, kikaitwa Oltre Giuba, kikawa koloni la peke yake kwa muda wa mwaka mmoja, kisha kikamezwa na Somalia ya Kiitalia na kuwa sehemu ya mikoa yake ya Juba. Wanaokikumbuka zaidi siku hizi ni wakusanyaji wa stempu. Wanahistoria wa diplomasia hukitaja kwa aya moja, na wanahistoria wa Uswahilini wamekipita kana kwamba pwani yao inaishia Kiunga.

Pwani hiyo haikuishia Kiunga. Anayetaka ushahidi na atazame dari za nyumba za zamani zilizosalia kandokando ya Khor ya Dubai. Boriti zinazobeba dari hizo, ambazo watu wa Ghuba huziita chandal, ni mikoko ya Afrika Mashariki, ya Lamu na ya Rufiji, na upana wa vyumba vya nyumba hizo ulipimwa kwa urefu wa boriti. Majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi na kusi yakiwa na miti, nafaka na pembe. Njia yao ilipita Mogadishu, Marka na Barawa, ikafika Kismayu, ikapenya kati ya visiwa vya Wabajuni, ndipo ikaingia Lamu. Kwa nahodha, bandari hizo zilikuwa shanga za uzi mmoja. Mkataba wa mwaka 1924 uliukata uzi huo mahali ambapo hakuna nahodha aliyewahi kuona kizuizi.

Jina lenyewe linaeleza mengi. Oltre Giuba maana yake ni ng'ambo ya Juba. Mswahili hahitaji kuelezwa siasa ya neno ng'ambo. Mjini Unguja, Ng'ambo ni upande wa pili wa kijito kilichoutenga Mji Mkongwe na vibanda vya makuti, na aliyeubatiza upande huo jina hilo alikuwa amesimama Mji Mkongwe. Vivyo hivyo aliyetunga jina la Oltre Giuba alikuwa amesimama Mogadishu, akatazama kusini-magharibi ng'ambo ya mto. Kwa mtu wa Kismayu, aliyekuwa ng'ambo ni yeye wa Mogadishu. Tahajia nayo ilibadilika: Kismayu ikawa Chisimaio, na msomaji wa leo asiyejua kwamba Waitalia huandika sauti ya k kwa herufi ch hulitamka jina hilo kwa namna ambayo wenyeji wasingeitambua. Wapo Wabajuni wasemao kuwa jina la mji limetokana na kisima cha juu. Iwe kweli au isiwe, ni maelezo ya watu wanaoamini kuwa jina la mji wao liko katika lugha yao.

Ilikuwaje mji huo ukafika mikononi mwa mfalme wa Roma? Katika maafikiano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, Kismayu ulitambuliwa kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar pamoja na ardhi ya maili kumi kuuzunguka, sawa na Barawa, Marka na Mogadishu. Tarehe 24 Machi 1891 Uingereza na Italia zilikubaliana kuwa Mto Juba ndio utakaotenga maeneo yao. Bandari za kaskazini ya mto zikakodishwa kwa Waitalia, na mwaka 1905 wakazinunua moja kwa moja kwa pauni 144,000. Kismayu, ukiwa kusini ya mto, ulibaki kwa Waingereza na ukawa makao makuu ya Jimbo la Jubaland katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Haukuwa utawala mwepesi. Mwaka 1900 ofisa mkuu wa jimbo hilo, Jenner, aliuawa na Waogaden, na jeshi lililotumwa kulipiza kisasi mwaka uliofuata lilirudi bila kuwa limeutatua mgogoro. Kwa Nairobi, Jubaland ilikuwa gharama isiyo na faida: askari wengi, kodi haba, na mji wa bandari uliotazama Zanzibar na Arabuni zaidi ya ulivyotazama reli ya Uganda.

Vita vya kwanza vya dunia ndivyo vilivyoipa gharama hiyo thamani. Ili kuivuta Italia iingie vitani upande wao, Uingereza na Ufaransa zilitia sahihi Mkataba wa London wa tarehe 26 Aprili 1915. Kifungu cha 13 kiliahidi kwamba endapo wakubwa hao wawili wangeongeza makoloni yao ya Afrika kwa kuwanyang'anya Wajerumani, Italia ingelipwa fidia ya haki, hasa katika mipaka ya Eritrea, Somalia na Libya. Vita vikaisha na Tanganyika ikaenda kwa Waingereza, kwa hiyo Italia ikadai chake. Yafaa tendo hili lisemwe kwa lugha nyepesi: Kismayu ulitolewa kuwa malipo kwa sababu Dar es Salaam ilikuwa imechukuliwa. Miji miwili ya pwani moja, mmoja ukilipia mwingine, na wenyeji wa miji yote miwili hawakujua kuwa wamo katika hesabu hiyo.

Milner na Scialoja walikubaliana juu ya jambo hili kwa barua mapema kama mwaka 1920, lakini London ilichelewesha utekelezaji. Kwa miaka kadhaa Waingereza waliifunga Jubaland pamoja na visiwa vya Dodecanese vya Bahari ya Mediterania: Italia ikubali suluhu juu ya visiwa hivyo, wao watoe ardhi ya Afrika. Mussolini aliposhika serikali Oktoba 1922 hakutaka kusikia sharti hilo, na aliyeliacha hatimaye alikuwa Ramsay MacDonald, waziri mkuu wa kwanza wa chama cha Labour, aliyekuwa pia waziri wa mambo ya nje. Hapo pana kichekesho kichungu. Mwanasiasa aliyejulikana kwa kupinga vita na siri za kidiplomasia ndiye aliyempa Mussolini ushindi wake wa kwanza wa kikoloni. MacDonald na balozi wa Italia, della Torretta, walitia sahihi London tarehe 15 Julai 1924. Jina la Sultani Khalifa bin Haroub, ambaye bendera ya ukoo wake ndiyo iliyokuwa msingi wa madai yote ya Waingereza juu ya Kismayu, halikuwa miongoni mwa sahihi hizo. Tarehe 29 Juni 1925 bendera ya Savoy ikapandishwa.

Mfalme aliyekuwa na mali hiyo kwa jina, Vittorio Emanuele wa Tatu, alikabidhi uendeshaji wake kwa Corrado Zoli, aliyepewa cheo cha Kamishna Mkuu. Sababu mojawapo ya koloni hilo kutounganishwa mara moja na Somalia ilikuwa haja ya kulipokea na kulihesabu, na Zoli alikuwa mtu wa kuhesabu. Alikusanya taarifa za makabila, visima, njia, mifugo na bandari, na kitabu chake kikatoka Roma mwaka 1927. Eneo lililotajwa lilikuwa la kilomita za mraba zipatazo 87,000, kubwa kuliko Austria. Wakati huohuo posta ilifanya kazi yake. Stempu za Italia zilipigwa mhuri wa maneno OLTRE GIUBA juu ya uso wa mfalme, na mwaka 1926 ikatolewa seti maalumu yenye ramani ya koloni lenyewe, kuadhimisha kupatikana kwake. Miezi michache baadaye, tarehe 30 Juni 1926, koloni likavunjwa na kuunganishwa na Somalia ya Kiitalia, iliyokuwa chini ya De Vecchi, mmoja wa wale wanne walioongoza matembezi ya Wafashisti kwenda Roma. Ramani ya stempu ilidumu zaidi ya nchi iliyochorwa.

Baada ya hapo jina lililobaki katika majedwali ya utawala ni Basso Giuba, Juba ya Chini, Chisimaio ukiwa mji wake mkuu. Jimbo hilo lilikusanya pamoja watu wa aina mbili wanaohusu historia ya Waswahili, na kila kundi lilipokea mpaka mpya kwa namna yake. Habari zao hazilingani, na ni kosa kuzichanganya.

La kwanza ni watu wa Gosha, wakulima wa kingo za mto. Asili yao ni watumwa waliosafirishwa kutoka pwani ya Tanzania na Msumbiji ya leo katika karne ya 19, Wazigua, Wayao, Wamakua, Wanyasa, wakauzwa Barawa na miji jirani. Wengi walitoroka mashambani wakaenda kujenga vijiji vyao katika misitu ya Juba, mahali ambapo mbung'o waliwazuia wafugaji kuwafuata. Kati yao Wazigua walishikilia lugha yao, na lugha hiyo ingalipo hadi leo. Mpaka wa mwaka 1891 ulikuwa umewapasua watu hawa katikati, kwa sababu mto waliokuwa wakiuvuka kwa mtumbwi kwenda shambani uligeuka kuwa mpaka wa dola mbili. Gobwen ilikuwa kituo cha Waingereza, Giumbo cha Waitalia, vikitazamana. Kwa hiyo mkataba wa mwaka 1924, kwa kuusukuma mpaka kwenda magharibi, uliwaunganisha tena watu wa Gosha chini ya serikali moja. Huo ungekuwa wema kama kilichofuata kingekuwa kingine. Serikali hiyo moja ilitaka pamba na ndizi, na ilihitaji mikono. Mashamba ya walowezi yakafunguliwa Juba ya Chini, kituo kimoja kikapewa jina la Margherita, mama yake mfalme, na katika miaka ya 1930 wanavijiji wakawa wanachukuliwa kwa nguvu kwenda kulima. Wazee wa Gosha waliohojiwa na watafiti miongo mingi baadaye waliuita wakati huo kolonya, neno la Kiitalia lililoingia katika lugha zao likiwa na maana ya shokoa tupu. Wajukuu wa watu waliotoroka utumwa walirudishwa shambani na mfalme ambaye serikali yake ilijitangaza kuwa adui wa utumwa.

Kundi la pili, Wabajuni, lilipata kinyume chake: lilikuwa moja, likafanywa mawili. Watu hawa wa Kibajuni, au Kitikuu kama wengine wanavyokiita, waliishi katika mlolongo wa visiwa na vijiji vya pwani kutoka Kismayu hadi Pate. Koyama, Chovai, Chula na Ngumi vimo katika mlolongo huo, pamoja na Burkavo na Kiamboni. Na mbele yake Kiunga, Kiwayu, Ndau, Siu na Faza. Hawakuwa na mfalme wala mji mkuu. Kilichowafunga pamoja kilikuwa koo, ndoa, makaburi, na bahari yenye miamba ambayo wao peke yao walijua vipenyo vyake. Walivua, wakakata mikoko, wakajenga mashua, wakawinda kasa kwa kumfunga taza kamba mkiani na kumwachia ajibandike gambani, ujuzi uliowashangaza wageni wote waliouona. Kijana wa Chovai aliweza kuoa Faza na kuzikwa Koyama bila kuvuka chochote zaidi ya maji.

Mstari wa mwaka 1924 ulitoka katika Mto Daua kaskazini, ukashuka nchi kavu, na kwa sehemu yake kubwa ukafuata longitudo ya digrii 40, dakika 59 na sekunde 44.34 mashariki ya Greenwich, kisha ukakengeuka kusini-mashariki hadi baharini karibu na Ras Kiamboni. Tazama hiyo .34. Waliochora walijua mstari wao hadi sehemu ya mia ya sekunde, yaani kwa usahihi wa chini ya hatua moja ya mtu. Tume ya mipaka ilifanya kazi kutoka mwaka 1925 hadi 1927, ikapanda nguzo kichakani, na maafikiano yake ya tarehe 17 Desemba 1927 yakathibitishwa kwa barua za serikali mbili mwaka 1933. Nguzo ya mwisho, namba 29, iko mahali panapoitwa Dar es Salam, kituo cha ufukweni kisicho na uhusiano na jiji la Tanzania isipokuwa jina. Kutoka hapo, yanasema maafikiano, mpaka uende baharini kwa kukatisha pwani wima hadi mwisho wa maji ya nchi, ukiviacha vijisiwa vya Diua Damasciaca upande wa Italia. Hayo ndiyo maneno yote ambayo bahari ilipewa. Watu wa bahari hiyo hawamo.

Haikuwa kwa kukosa habari. Wakati tume ikipanda nguzo, ofisa wa Kiingereza J. A. G. Elliot alikuwa akichapisha London, katika jarida la jumuiya ya Waafrika ya huko, masimulizi marefu ya ziara yake katika visiwa vya Wabajuni, akieleza magofu, misikiti, makaburi na mapokeo ya koo. Yalitoka mwaka 1925 na 1926, yaani mara tu baada ya visiwa alivyovieleza kuhamishiwa himaya nyingine. Kitabu kikubwa cha Kiitalia juu ya watu haohao, Pescatori dell'Oceano Indiano cha Vinigi Grottanelli, kilitoka mwaka 1955. Ni kitabu kizuri, chenye subira ya mtu aliyekaa na wavuvi na kujifunza majina ya kamba zao. Lakini atakayevisoma vyote viwili pamoja ataona jambo ambalo hakuna kati yake kilichokusudia kulionyesha. Taifa moja limepata maandishi mawili, moja katika maktaba ya London na jingine katika maktaba ya Roma, na mtafiti wa Lamu husoma la kwanza, wa Mogadishu la pili. Mpaka ulifika katika rafu za vitabu mapema kuliko ulivyofika baharini.

Baharini ulichelewa kweli. Kwa miongo miwili au mitatu mstari ule haukumzuia mvuvi, ingawa ulibadilisha sarafu mfukoni mwake na mtu wa kumlipa kodi. Kismayu ulikuwa umeishi na rupia, ukapokea florini mwaka 1920 na shilingi mara baada yake, na kabla shilingi haijazoeleka ikaja lira. Tarehe 14 Februari 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wa Afrika Mashariki waliosema Kiswahili cha kambini, yaliingia Kismayu, na kwa miaka tisa mji ukawa tena chini ya utawala uliokuwa na dada yake Nairobi. Hapakosekani Mbajuni aliyedhani kuwa mambo yamerudi yalivyokuwa. Hayakurudi. Mwaka 1950 Umoja wa Mataifa uliikabidhi Italia, sasa jamhuri isiyo na mfalme, udhamini wa nchi hiyo kwa miaka kumi, na tarehe 1 Julai 1960 Juba ya Chini ikaingia katika Somalia huru.

Hapo ndipo mstari ulipoanza kuuma. Somalia haikuukubali: iliitaka Wilaya ya Kaskazini ya Kenya, na vita vya shifta vilianza mwaka 1963 na kuendelea hadi makubaliano ya Arusha ya Oktoba 1967. Vita vya Wasomali na serikali ya Kenya juu ya malisho ya nchi kavu viliteketeza vijiji vya Wabajuni vya pwani ya Kenya, ambao hawakuwa upande wowote. Watu wa bara ya Kiunga na jirani zake walikimbilia Lamu, Malindi na Mombasa, na mashamba mengi waliyoyaacha hayakulimwa tena. Upande wa pili nao ulifikiwa mwaka 1991, serikali ya Somalia ilipoanguka. Wanamgambo walivamia visiwa, wakachukua mashua na nyavu, na Wabajuni wakapakia familia zao katika majahazi kuelekea kusini. Walifika Mombasa, mji ambao nusu ya jamaa zao walikuwa wakiishi, wakaandikishwa kuwa wakimbizi na kuwekwa kambini Jomvu. Lugha yao ilieleweka sokoni kuanzia siku ya kwanza. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 kambi za pwani zilifungwa, na wengi wakatakiwa warudi walikotoka au wahamie kambi za mbali za bara.

Watu wa Gosha nao waliondoka mtoni katika miaka hiyohiyo. Wapatao 12,000 walikubaliwa kwenda Marekani kuanzia mwaka 2003 kwa jina jipya la Wabantu wa Somalia, jina ambalo babu zao hawakulijua. Kundi dogo zaidi lilielekea upande mwingine kabisa: Wazigua walifika Tanzania, wakapewa makazi Chogo wilayani Handeni, katika nchi ambayo mababu zao walitolewa kwa njaa na biashara ya watumwa, na baadaye wakapewa uraia. Yaelekea hakuna tukio jingine katika historia ya utumwa wa pwani hii ambapo lugha ilitoka na kurudi, baada ya zaidi ya miaka 150, ikiwa ingali inaeleweka na wale walioachwa nyumbani.

Oltre Giuba ilirudi katika magazeti bila jina lake. Tarehe 28 Agosti 2014 Somalia iliishtaki Kenya katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague juu ya mpaka wa bahari, penye matumaini ya mafuta na gesi. Dola iliyoukataa mpaka wa mwaka 1924 nchi kavu ilisimama mahakamani ikiutegemea, na Kenya haikubisha: pande zote mbili zilikubali kuwa mwisho wa mpaka wa nchi kavu hupatikana katika maafikiano ya mwaka 1927 na 1933. Majaji waliianza hesabu yao kutoka katika nguzo namba 29. Kenya iliitaja hali ya wavuvi wake ambao wangeathirika, mahakama haikuona sababu ya kuusogeza mstari kwa ajili yao. Katika hukumu ya tarehe 12 Oktoba 2021 walisogeza kidogo kwa sababu nyingine, na kuipa kila nchi sehemu yake, Somalia ikipata kubwa. Kenya ilikuwa imekwisha tangaza kuwa haitaitambua hukumu hiyo.

Uingereza, iliyouchora mstari, imelazimika kukutana nao katika ofisi zake za uhamiaji. Mbajuni anayeomba hifadhi London akisema katoka Chula anakabiliwa na shaka moja: huenda katoka Faza. Akiwa wa Chula ana haki ya kulindwa kwa kuwa ni mtu wa kabila dogo katika Somalia isiyo na amani. Akiwa wa Faza ni Mkenya na hana dai. Sura haisaidii, dini haisaidii, na mtu wa visiwani hana cheti cha kuzaliwa. Ikabaki lugha. Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa kuongoza mashauri ya namna hiyo, ambao kichwa chake chenyewe kinataja uwezo wa kusema Kibajuni. Tangu wakati huo waombaji wamerekodiwa, na kanda zao zimesikilizwa na wachambuzi wanaotafuta dalili: neno la Kiswahili cha shule za Kenya hapa, neno la Kisomali pale, jina la mwamba au la samaki.

Ugumu wa kazi hiyo unajulikana na wanaisimu walioshughulika na Kibajuni kwa muda mrefu, Derek Nurse akiwa mmojawapo. Lugha hiyo haikuwahi kugawanyika Kiamboni. Aliyekaa Jomvu miaka sita atakuwa ameokota Kiswahili cha Mombasa, hata kama alizaliwa Koyama. Aliyelelewa na bibi wa Chovai mjini Mombasa atakuwa na Kibajuni cha Chovai, hata kama hajawahi kukiona kisiwa. Kwa hiyo mchambuzi huulizwa atambue kwa sikio tofauti ambayo MacDonald na della Torretta waliitunga kwa kalamu. Mwombaji huulizwa jina la kisima, idadi ya misikiti, rangi ya mchanga, na mara nyingine huulizwa kwa nini Kisomali chake ni kibovu. Jibu la kweli la swali hilo la mwisho ni refu, linaanza na Kifungu cha 13 cha mkataba uliotiwa sahihi katika mji uleule anamoulizwa, na mahojiano hayana nafasi ya kulipokea.